Kimea Nyuma ya Jiko

Stela alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa napalilia mchicha wangu hapa Kilosa, akaniambia mama yake amepumzika alfajiri na mazishi ni Alhamisi, Mikumi. Kisha akaongeza, "Dada Eliza, ndugu wamekubaliana historia ya marehemu uisome wewe. Mama alikupenda." Nilimjibu nitakuja, nikakata simu, nikakaa chini palepale kwenye matuta na jembe langu mkononi. Historia za marehemu nimezisoma nyingi. Mwalimu mstaafu mwenye sauti na miwani hakosi kazi hiyo katika usharika. Lakini hii niliiogopa, kwa sababu ina sehemu ambayo haitaandikwa na mtu yeyote, na aliyeitenda ni mimi. Kwa zaidi ya miaka thelathini watu wamenisifu. Wanasema Mwalimu Eliza ana moyo, amelea yatima watatu ambao si wa damu yake, pale Chanzuru aliwapikia uji wanafunzi kwa unga wake mwenyewe, kule Mvumi alikesha na wagonjwa ambao jamaa zao waliwakimbia. Yote ni kweli. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninamkimbia nani, nami nilishukuru kutoulizwa.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa enzi za ruksa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri nafasi ya chuo cha ualimu, na mchungaji wetu wa Kilosa akanituma Mikumi kufundisha watoto wa shule ya Jumapili. Mikumi wakati ule ilikuwa inabadilika kila ukiamka. Malori ya Zambia yalilala pembeni mwa barabara kuu kwa safu, marobota ya mitumba yalifunguliwa juu ya maturubai, redio kaseti zilipigwa dirisha kwa dirisha, na kila aliyekuwa na matofali mia mbili alijenga gesti. Mzee Yeremia, kiongozi wa wazee wa kanisa pale, alinipokea stendi akanipeleka moja kwa moja kwenye nyumba ya Mama Stela. Njiani alinieleza kwa nini nakaa huko. Mama huyo alikuwa ametengwa miaka sita kwa kupika na kuuza pombe, sasa anasema ameacha na anaomba kurudi kundini. Kwa desturi yetu, mtu kama huyo huangaliwa miezi kadhaa, kisha mchungaji akija na Meza ya Bwana, mtu anayeishi naye husimama pamoja naye mbele ya kanisa na kushuhudia kwamba amebadilika. "Utakaa kwake, utakula kwake," Mzee Yeremia alisema, "na utakuwa macho yetu." Nilifurahi kuwa macho. Sikuambiwa kuwa kitu kingine chochote, wala sikuuliza.

"Shikamoo, Mama," nilisema mlangoni. "Marahaba, mwanangu. Ndiye mwalimu wenyewe huyu? Mwembamba hivi? Kaa ule kwanza, hayo mengine yatatukuta tumeshiba." Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye kicheko kinachoanzia tumboni, na aliita kila mtu mwanangu, hata madereva wenye mvi. Sebule yake ilikuwa ndiyo mgahawa: benchi mbili, meza yenye kitambaa cha plastiki chenye maua, kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuitoa kwa sababu alipenda picha ya maporomoko ya maji. Asubuhi alipika chapati na supu, mchana wali maharage, na kila siku ya gulio pilau. Jiko lilikuwa nje, la miti na bati, na ukila sebuleni ulisikia mazungumzo yote ya jikoni, maana Mama Stela hakujua kunong'ona. Nilimsikia akimkopesha mtu chakula huku akimtukana kwa upole, nikamsikia akimfundisha Stela, aliyekuwa na miaka kumi na moja, namna ya kupepeta mchele bila kumwaga hata punje. Pipa lake la kupikia pombe alikuwa amelipindua akaligeuza kigoda cha kufulia. Na hapa nisiache kusema jambo moja, hata kama ni utovu wa adabu kwa marehemu mwingine: mwaka huohuo mtoto wa Mzee Yeremia alifungua baa yenye friji na bia za kreti, mita chache kutoka kanisani. Hakutengwa. Leseni yake ilikuwa imetundikwa ukutani kwenye fremu, na wazee walipopita waliamkiana naye vizuri tu.

Mimi nilikuwa nimeokoka mwaka mmoja kabla, kwenye mkutano wa injili, na wokovu wangu ulikuwa bado mpya. Nilifunga Jumatano na Ijumaa. Sikusikiliza redio. Jumapili niliwafundisha watoto kwamba tunaokolewa kwa neema, kwamba ni zawadi tupu ya Mungu, hainunuliwi kwa matendo. Waliimba hivyo wakipiga makofi, na wadogo waliruka hadi vumbi likatimka. Kisha nilirudi nyumbani na kumkagua Mama Stela. Nilinusa vikombe. Nilitazama nyuma ya magunia. Ninapomkumbuka binti yule namwonea aibu kuliko ninavyomwonea huruma, maana alijua fundisho lote kwa moyo na hakuna mahali lilipomgusa. Neema aliyoihubiri aliamini ni ya watu walioishi vizuri kama yeye.

Mwezi wa tatu wa kukaa kwangu, Mama Stela alirudi kutoka sokoni akiwa amemshika mkono msichana anayetembea kama kikongwe. Jina lake Zaina, wa kutoka Ruhembe, alikuwa mhudumu wa baa. Gesti alikokuwa akilala walikuwa wamemtolea kibegi chake nje, kwa sababu alikuwa amekonda na kukohoa kwa namna ambayo siku hizo watu hawakuitaja kwa jina, walikonyezana tu. Mama Stela alimpa chumba nilichokuwa nikilala mimi, akanihamishia sebuleni kwenye mkeka pamoja na Stela. Nilinuna. Nilinunua kikombe changu peke yangu nikakificha nyuma ya Biblia. Zaina alikuwa na vidonda na utando mweupe mdomoni, kila kitu kilimuuma kumeza, na sauti aliyotoa akijaribu kula ilinifanya nitoke nje. Mama Stela alimwogesha, akamfulia, akamsuka nywele zilizobaki. Siku moja nilimkuta anafua mashuka yale, nikamwuliza, kwa sauti yangu ya shule ya Jumapili, kama anafanya hayo yote ili wazee wayaone na kumhesabia. Aliacha kufua. Alinitazama, akacheka hadi akajifuta macho kwa kiganja cha povu. "Mwalimu wewe! Mtu ana njaa mbele yako, unaanza kufikiria mbinguni? Unafikiria sufuria iko wapi." Nilimwambia matendo peke yake hayatoshi. "Sasa nani kasema yatoshe?" alijibu. "Mimi nataka Meza kwa sababu nina kiu nayo. Siwezi kuilipia mimi. Ningekuwa naweza, ningeshaenda zamani."

Maneno hayo niliyaona ya mtu asiyesoma. Nimeyabeba hadi leo.

Tukasikia mchungaji anakuja Jumapili inayofuata, kabla masika hayajaifunga barabara ya Kilosa. Wiki ile nzima Mama Stela aliimba. Alichagua gauni jeupe kwenye marobota ya mitumba, akalipunguza mikono, akalipiga pasi ya mkaa mara mbili. Na Jumatano, nikitoka mazoezi ya kwaya, nilipita nyuma ya jiko kutafuta kivuli nikaona gunia limelazwa chini na kukandamizwa kwa mawe pembeni. Nikainua ncha yake. Chini yake, juu ya nyungo mbili, palikuwa na ulezi uliooteshwa, umechipua, umeanza kukauka. Kimea. Kwetu hata mtoto anajua kimea ni cha nini. Bila kimea hakuna pombe. Nilishusha gunia taratibu, moyo unanipiga, na ninataka kuwa mkweli hapa: haukuwa moyo wa huzuni. Nilikuwa nimengoja miezi mitatu kuona kitu, na sasa nimeona. Sikumwuliza. Jiko lilikuwa hatua tano, yeye yumo ndani anakuna nazi, ningeuliza tu, "Mama, hiki ni cha nini?" Nilikwenda kwa Mzee Yeremia kabla sijanywa hata maji. Alinisikiliza akiwa anatikisa kichwa. "Binti, Mungu amekupa macho," alisema. "Tulijua tu. Nguruwe huoshwa akarudi topeni."

Jumamosi mchana Mama Stela aliniita jikoni. "Njoo nikuonyeshe maajabu." Alikuwa amesonga uji mzito sana, mwiko unasimama. Akachukua kijiko cha unga wa kahawia kutoka kwenye kopo, akautia, akakoroga, na mbele ya macho yangu uji ule ukalegea, ukawa mwepesi wa kunyweka bila kuongezwa tone la maji. "Nesi wa zahanati kanifundisha. Unga wa kimea. Uji unabaki na nguvu yake yote lakini unapita kooni wenyewe. Kimea chenyewe nilikianika kule nyuma nikakifunika, nyani hawa wa mbugani wangekila chote." Akampelekea Zaina. Nilisimama mlangoni, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, nikamwona Zaina akinywa kikombe kizima bila kulia. Alipomaliza alilamba mdomo akasema, "Asante, Mama," akalala. Mama Stela alitoka nje amebeba kikombe kitupu juu kama kombe la mpira. Kisha akanigeukia, sura imekuwa ya kiasi. "Kesho utasimama na mimi, Eliza?" Ilikuwa ni mara yake ya kwanza kuniita kwa jina. "Nitasimama, Mama," nilisema.

Na nilikusudia, jamani. Niliondoka saa ileile kwenda kwa Mzee Yeremia kusema nimekosea. Nilifika kwenye ua wake wa mabua nikasikia sauti ndani. Wazee wenzake wawili walikuwa wamekuja, wanakunywa chai barazani. Mzee Yeremia alikuwa anasema, "Yule binti ana msimamo. Amekula chakula cha yule mama na bado hakumwonea haya. Kesho mchungaji akija, nitamwambia ampe barua ya chuo. Vijana kama hawa ndio wa kusomesha." Mwingine akasema, "Kweli, wa kwangu angenyamaza kwa ajili ya wali." Wakacheka. Nilisimama pale kwenye ua, mkono ukiwa kwenye kamba ya mlango. Barua ya kanisa ndiyo iliyokuwa njia yangu pekee ya chuo mwaka ule. Lakini ukweli ni kwamba si barua tu. Ilikuwa ni tamu kusikia nikisifiwa na watu wasiojua kwamba ninasikia. Nikaachia kamba. Nilijiambia nitasema kesho, mbele ya mchungaji mwenyewe, ndiyo itakuwa vizuri zaidi.

Kesho yake kabla ya ibada niliitwa kwenye chumba cha mwinjilisti. Mchungaji alikuwa amechoka na safari, viatu vyake vina tope la njiani, anakunywa chai huku anaangalia saa. Aliuliza swali moja tu. "Binti, kimea ulikiona kwa macho yako?" Nikajibu, "Nilikiona." Akasubiri kidogo. Nimekirudia kimya kile mara nyingi maishani, kilikuwa kirefu vya kutosha kwa mtu kusema, "Lakini ni cha uji wa mgonjwa." Ningemaliza kabla hajatua kikombe. Sikusema. Akashukuru, nikatoka, na njia nzima hadi kwenye benchi la kwaya nilijifariji kwamba sikusema uongo. Majina ya waliorudishwa kundini yakasomwa. Walikuwa wawili, mwanaume aliyeacha nyumba ndogo na binti aliyezaa nyumbani. Mama Stela alikuwa amekwisha kusimama, gauni jeupe, mikono imekunjwa mbele. Mchungaji akakunja karatasi. "Mama Stela tutaendelea kumwombea," alisema. Hakusema sababu. Mama alibaki amesimama kwa muda, kama mtu aliyeitwa na asijue aliitwa wapi, halafu akaketi. Watu walipokwenda mezani yeye aliimba wimbo kwa sauti ileile yake kubwa, na mimi nilikwenda, nikapiga magoti, nikala na kunywa.

Nyumbani alivua gauni, akafunga kanga, akachochea moto. Nilimfuata jikoni kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kukaa sebuleni peke yangu. "Sijui wazee wamefikiria nini," nilimwambia. Huo sasa ulikuwa uongo kamili. Alinipakulia wali na kipande cha nyama ambacho alikuwa amekiweka kwa ajili ya sherehe yake mwenyewe. "Kula, mwanangu," alisema. "Hujala tangu jana." Zaina alikufa wiki tano baadaye, akaoshwa na kuzikwa na akina mama Waislamu wa mtaani, na sanda alinunua Mama Stela. Masika yakafunga barabara. Mchungaji aliporudi kiangazi, wazee walimpelekea Mama Stela ujumbe kwamba anaweza kurudi, ila kwanza atubu habari ya kimea. Aliwajibu hawezi kutubu uji. Tangu siku hiyo alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na alikaa hapo hadi uzee wake. Wakaja wachungaji vijana waliocheka desturi zile na kumwita mbele, akasema amezoea huku, hata huku anasikia. Barua yangu ya chuo nilikuwa nimeipata siku nyingi.

Alhamisi nilisoma historia yake nikiwa nimesimama kando ya jeneza, chini ya turubai, nikitumia sauti yangu ile inayosifiwa. Nilisoma alizaliwa wapi, amelea wangapi, amepika misiba mingapi. Ndani ya mkoba wangu nilikuwa na karatasi ya pili, niliyoiandika Jumanne, yenye habari zote za Jumapili ile. Nilikusudia kuisoma pia. Nilifika mwisho wa karatasi ya kwanza, nikasema Bwana ametoa na Bwana ametwaa, nikaketi. Mchungaji alihubiri kwamba marehemu alikuwa na imani iliyoonekana kwa matendo, watu wakaitikia amina, nami nikaitikia. Umri huu wote, yatima wote wale, na bado nilishindwa na karatasi moja. Sidhani tena kwamba matendo yangu mema yalikuwa mema. Yalikuwa na faida kwa waliokula, na kwa hilo namshukuru Mungu, lakini mimi nilikuwa nayatumia kujificha.

Jioni watu walipopungua nilimkuta Stela jikoni, sasa ni mama wa makamo mwenye wajukuu, anaosha masufuria makubwa ya kuazima. Nikaketi kwenye kigoda, nikasema bila kumwangalia, "Stela, Jumapili ile mama yako aliponyimwa Meza, aliyesema habari ya kimea ni mimi." Aliendelea kusugua. "Najua, dada." Nikadhani hajanielewa, nikarudia. Akaweka sufuria chini. "Najua tangu siku ileile. Mke wa Mzee Yeremia alikuja mchana, wewe umelala, akamwambia mama kila kitu. Mimi nilikuwa hapo hapo. Nilitaka kukuamsha nikutukane. Nilimwambia mama twende kwa wazee na nesi awaeleze, akakataa. Akasema wakijua, barua ya Eliza itachanwa." Nilimwuliza kwa nini basi hakuniambia mimi, mimi peke yangu, hata baada ya kupata barua, hata baada ya miaka. Stela aliichukua tena ile sufuria, akaigeuza kutafuta masizi. "Nilimwuliza hivyohivyo. Akaniambia, 'Akijua kwamba ninajua, hatakula tena kwangu. Na yule mtoto hapa Mikumi hana pengine pa kula.'"

Nilikaa kwa Mama Stela miezi saba baada ya Jumapili ile. Sikukosa mlo hata mmoja.